Uchovu Usiokwisha: Somo kwa Mwanamke Mwenye Shughuli Nyingi

Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri, akachota maji, akawaandaa watoto kwenda shule, akafungua genge au kushika jembe, kisha jioni akarudi jikoni, hastahili kuitwa mvivu anapolalamika kuwa mwili hauna nguvu. Tatizo ni kwamba mara nyingi yeye mwenyewe hujiita hivyo, akanyamaza. Somo la toleo hili linahusu sababu moja ya uchovu huo ambayo hupimika kwa dakika chache: upungufu wa damu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Damu husafirisha oksijeni kwa msaada wa himoglobini, nayo haitengenezwi bila madini ya chuma. Kwa kuwa hedhi hupunguza madini hayo kila mwezi, mwanamke wa umri wa kuzaa huhitaji takriban miligramu 18 kwa siku, ilhali mwanamume hutosheka na 8. Asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu himoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita; mjamzito, chini ya 11.

Dalili zake ni moyo kwenda mbio, kizunguzungu, weupe ndani ya kope na, kwa baadhi ya wanawake, hamu ya kula udongo. Hamu hiyo wengi huiona kuwa jambo la kawaida la ujauzito, lakini inafaa imfikishe mtu kwenye kipimo. Udongo wenyewe huzuia mwili kufyonza chuma, na huweza kubeba mayai ya minyoo.

Kuhusu chakula, si lazima kununua nyama kila siku. Dagaa, maharage, kunde na mboga za majani vipo katika masoko yetu. Kinachowaponyoka wengi ni chai. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na mlo huzuia kwa kiasi kikubwa chuma kitokacho katika mimea. Inyweke saa moja hivi baada ya kula. Kinyume chake, ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage, au pera, chungwa na embe pamoja na mlo, husaidia chuma kufyonzwa. Magadi katika mboga huilainisha haraka, lakini huharibu vitamini C ambayo ndiyo iliyotakiwa.

Hata hivyo, chakula pekee hakitamtosha mwenye malaria ya mara kwa mara, au mwenye safura, minyoo inayopenya ngozi ya miguu na kunyonya damu utumboni. Hedhi nzito kupita kiasi nayo yahitaji mganga.

Jambo la umbo nalo haliwezi kupuuzwa. Dawa za kukata tumbo zinazotembezwa minadani bila maelezo ya vilivyomo huuzwa kwa kutumia aibu ya mnunuzi. Tumbo lililobeba mtoto kwa miezi tisa halirudi kwa wiki mbili. Anayelima na kubeba maji ameshafanya mazoezi ya kutosha. Anachokosa ni usingizi, na hapo baba na watoto wakubwa wana kazi ya kufanya. Anayeketi dukani au kwenye cherehani kutwa ndiye anayehitaji kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki.

Wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kliniki. Vikileta kichefuchefu, mweleze mhudumu kabla ya kuviacha. Kinyesi kuwa cheusi wakati wa kuvitumia si jambo la kuogopesha. Wengine waulize kipimo cha wingi wa damu katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au wamwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu.