Nyapara Asiyeonekana

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya pamoja husimamiwa na mkubwa mmoja tu. Lakini katika kila kikundi yuko msimamizi wa pili, asiyelipwa mshahara: naye ni jicho la wenzi.

Mfano wake ni vyama vya kuchangiana katika mitaa ya Nairobi kama Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940. Kila mwezi wanachama hutoa fedha sawasawa, na mmoja wao hupewa zote kwa zamu. Aliyekwisha kupokea angeweza kutoroka. Lakini aghalabu hulipa, maana atakutana na wenzake njiani na sokoni. Aibu hufanya kazi ya askari. Huko Kibera, shirika la K-REP liliitumia nguvu hiyo katika mpango wa mikopo ulioitwa Juhudi: wakopaji walijiunga watano watano, wakadhaminiana.

Walakini nguvu hiyo ina pande mbili. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, Marekani, wachunguzi waliwatazama mafundi 14 wa mitambo ya simu kati ya 1931 na 1932. Kampuni iliahidi malipo zaidi kwa kazi zaidi, lakini mafundi walijiwekea kipimo chao cha siku. Aliyekizidi alidhihakiwa na kupigwa ngumi mkononi, juu ya kiwiko. Aliyezembea mno alidharauliwa. Na aliyepeleka habari kwa wakubwa alichukiwa. Waliogopa kwamba kazi ikizidi, malipo yangepunguzwa au wengine wangeachishwa.

Basi kikundi kisichoshirikishwa katika kuweka lengo hujitungia lengo lake, nacho hulilinda kwa bidii ile ile. Kwa hiyo anayeongoza kazi yampasa afanye mambo matatu.

Kwanza, awakutanishe watu wake mapema, wapatane wenyewe juu ya kipimo cha kazi na siku ya kumaliza.

Pili, aondoe hofu: bidii ya leo isiwe sababu ya kupunguziwa ujira kesho.

Tatu, aweke mpaka wa kukemeana. Jicho la wenzi huona upungufu upesi kuliko sababu yake. Mgonjwa au aliyefiwa huweza kuhesabiwa mvivu. Yafaa mtu huyo asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, asije akafukuzwa na aibu wala si na kosa.