Ugonjwa Haungoji Mavuno

Somo letu la leo linahusu gharama za matibabu. Jambo hili linatugusa sana sisi wa vijijini. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila Watanzania 3, karibu 2 wanaishi vijijini.

Mkulima hapati mshahara kila mwezi. Anapata hela akishavuna na kuuza. Lakini ugonjwa haungoji mavuno. Mtoto anaweza kushikwa na homa kali mwezi wa pili, ghala likiwa tupu na mahindi yangali shambani. Hapo baba anauza mbuzi. Mbuzi wakiisha, anauza mahindi yakiwa bado mabichi, kwa bei ya kutupa. Mgonjwa anapona, lakini njaa inaingia nyumbani.

Je, tufanye nini?

TULIKOTOKA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vingi vijijini. Matibabu ya Serikali yalikuwa bure. Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo.

Miaka ya 1980 uchumi uliyumba. Dawa zikaadimika. Kuanzia mwaka 1993 Serikali ikaanza kutoza ada, kwanza katika hospitali kubwa. Hapo ndipo tulipoanza kusikia habari za "kuchangia".

MFUKO WA AFYA YA JAMII

Mwaka 1996 jaribio la Mfuko wa Afya ya Jamii lilianza wilayani Igunga, mkoa wa Tabora. Kaya ilitoa mchango mara moja kwa mwaka. Juu ya mchango huo ziliongezwa fedha nyingine. Utaratibu huo wa kuongeza uliitwa "tele kwa tele". Mwaka 2001 Bunge lilitunga sheria ya mfuko huo, nao ukaenea katika wilaya nyingine.

Kuanzia mwaka 2018 mfuko uliboreshwa. Katika mikoa mingi mchango ukawa shilingi 30,000 kwa mwaka, kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Mwanachama akaweza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, mradi afuate rufaa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Viwango hubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, uliza ofisi ya kijiji kiwango cha sasa. Ukilipa, dai stakabadhi.

TUPIGE HESABU

Wengine husema, "Mimi siumwi, kwa nini nitoe?" Haya, chukua kalamu. Huu ni mfano tu.

Kijiji kina kaya 200. Kila kaya inatoa shilingi 30,000.
200 × 30,000 = 6,000,000.

Mwaka huo kaya 40 zinapata wagonjwa. Matibabu ya kila kaya ni shilingi 100,000.
40 × 100,000 = 4,000,000.

Mfuko umelipa, na shilingi 2,000,000 zimebaki.

Sasa tuseme wazima wote wamekataa, na waliotoa ni zile kaya 40 zenye wagonjwa peke yake.
40 × 30,000 = 1,200,000.

Zinazotakiwa ni 4,000,000. Pengo ni shilingi 2,800,000. Mfuko umekufa.

Kumbe mfuko unaishi kwa sababu mzima anambeba mgonjwa. Mwaka huu wewe unambeba jirani. Mwakani huenda jirani akakubeba wewe.

KADI BILA DAWA

Yapo malalamiko ya kweli. Mtu ametoa hela yake, amefika zahanati na kadi mkononi, anaambiwa: "Dawa hakuna, kanunue dukani." Mwaka unaofuata hatoi tena. Nani atamlaumu?

Kadi peke yake haitibu. Lazima wanachama wafuatilie fedha zao. Zahanati ina kamati ya usimamizi, na wananchi wana wajumbe wao humo. Katika mkutano mkuu wa kijiji tuulize: Mfuko umetuletea shilingi ngapi? Dawa gani zimeagizwa Bohari ya Dawa? Zimefika lini? Zipi zimekosekana? Tuombe taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Zamani wengi wetu tuliupita ubao ule kama ukuta. Leo tunajua kusoma. Basi tuusome.

WANAOSAMEHEWA ADA

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe ada katika vituo vya Serikali wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mzee wa namna hiyo aende ofisi ya kijiji atambuliwe mapema, asingoje mpaka augue.

Na kama zahanati iko mbali? Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, piga simu namba 115. Ni bure. Huo ni mpango wa m-mama, unaotafuta gari la kumpeleka mgonjwa kituoni.

TUFANYE HIVI

1. Tuweke fedha ya matibabu siku tunayouza mazao. Akiba haiozi.
2. Tujiunge tukiwa wazima.
3. Tuhudhurie mikutano na kuuliza habari za dawa.
4. Tulale katika chandarua na tunywe maji yaliyochemshwa. Ugonjwa uliozuiwa hauna gharama ya kutibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mfuko hufa wakijiunga wagonjwa peke yao?
2. Katika kijiji chenu, nani wajumbe wa kamati ya zahanati? Mara ya mwisho walitoa taarifa lini?
3. Kaya 150 zikitoa shilingi 30,000 kila moja, jumla ni shilingi ngapi?