Jumatatu: Siku Arobaini za Mariamu

Soma Mambo ya Walawi 12:2-8 na Luka 2:22-24. Kwa nini Yusufu na Mariamu walitoa ndege wawili badala ya mwana-kondoo?

Siku 7, kisha 33. Aliyejifungua mtoto wa kiume alingoja arobaini, na sadaka yao yaonyesha walikuwa maskini. Kwetu, kuanzia Nanyala hadi pwani, arobaini bado huhesabiwa, lakini mzazi huzimaliza akipokea wageni, nasi waumini tukiwamo, huku ndoo hazina maji.

Mtoto akikataa kunyonya, au mama akipata homa au kutokwa damu nyingi, msingoje arobaini iishe. Wapelekeni zahanati mara moja. Maombi yafanyike njiani.

Katika darasa lenu, nani atamfulia mzazi nepi wiki hii?