Sweta la mtumba na nepi ya mtoto

Swali: Kwa joto hili la Garissa, sweta la mtumba linafaa kushonea kifuniko cha nepi?

Jibu: Linafaa, mradi liwe la sufu halisi. Kondoo wetu wa Kisomali wenye vichwa vyeusi wana nywele fupi, si sufu, kwa hiyo tegemeo ni mtumba. Kuitambua sufu, choma uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika, akriliki huyeyuka ikaganda. Lifue sweta kwa maji moto hadi nyuzi zishikamane, ndipo ukate. Utasema sufu itamchemsha mtoto. La, kifuniko cha plastiki ndicho humfungia jasho. Sufu hunyonya unyevu kama theluthi ya uzito wake na bado hupitisha hewa. Tena, pale maji yanaponunuliwa kwa mtungi, kifuniko kilicholowa mkojo kidogo huanikwa tu. Mchana wa joto kali, mwachie nepi ya pamba pekee.