Mwenzako Anapofungwa kwa Maandiko



Wapenzi wanandoa, leo tujifunze juu ya jambo linaloumiza nyumba nyingi kimyakimya: mume au mke ameingia katika kikundi cha maombi, na sasa viongozi wa kikundi ndio wanaotawala nyumba.

Yaliyokwisha kutokea

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya kanisa la kikundi kilichodai kurudisha Amri Kumi za Mungu. Wengi wao walitoka katika Kanisa Katoliki. Mwanzoni walivutwa na sala, mifungo na habari za kutokewa na Bikira Maria. Baadaye waliuza mali zao na kuwapa viongozi. Mume na mke walikatazwa kulala pamoja. Hata kuzungumza kulikatazwa, wakawa wanaelewana kwa ishara.

Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu wazima na ya watoto. Wengi walikufa kwa njaa.

Maandiko yanavyopotoshwa

Hata Shetani alimtajia Yesu maneno ya Zaburi, naye Yesu akamjibu kwa Andiko jingine (Mathayo 4:5-7). Basi mstari mmoja uliokatwa usikutishe. Usome pamoja na mingine.

1. Kumwacha mwenzi. Hutumia Mathayo 10:37. Hapo Yesu anataka apendwe yeye kuliko wote. Hakusema kikundi kipendwe kuliko mume au mke. Ni yeye huyo aliyekataza binadamu kuwatenganisha waliounganishwa na Mungu (Mathayo 19:6).

2. Kunyimana tendo la ndoa. Paulo anakubali jambo hili kwa mapatano ya wote wawili, kwa muda, ili wasali, kisha warudiane (1 Wakorintho 7:5). Kiongozi hana sauti hapo.

3. Kutoa kila kitu. Hutumia Malaki 3:10 kudai hata karo ya watoto. Lakini Yesu aliwakemea waliosingizia sadaka ili wasiwatunze wazazi wao (Marko 7:9-13). Naye asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8).

Namna ya kumsaidia

Usimtukane, wala usimcheke mbele ya watoto. Ukimdhihaki, unathibitisha waliyomwambia, kwamba nyumbani ni kwa adui. Mwulize kwa upole: "Mama Fulani, mstari huo uko wapi? Tusome sura yote pamoja." Jiulize pia alikuwa akitafuta nini huko. Pengine alifiwa, pengine alikuwa mpweke ndani ya nyumba yako mwenyewe, na kikundi kikamsikiliza kabla yako.

Anayetaka kutoka huwa na mizigo miwili: hofu ya laana aliyotishiwa, na aibu ya mali iliyokwisha. Mwonyeshe kwamba mlango uko wazi. Usimdai hesabu siku ya kwanza. Mpeleke kwa Paroko, apokee Sakramenti ya Kitubio, na Jumuiya Ndogo Ndogo impokee bila kumnyoshea kidole. Wakati huo huo, hifadhi hati ya shamba na fedha za chakula mahali salama.

Lakini watoto wakinyimwa chakula, dawa au shule, usingoje abadilike. Mwone chifu, polisi au afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Sheria ya Kanisa (Kanuni 1153) inakubali mwenzi kuishi mbali panapokuwa na hatari kubwa ya roho au mwili kwake au kwa watoto. Na kama kungoja kuna hatari, anaweza kuondoka mara moja. Huko si kuvunja ndoa. Kifungo cha ndoa kinabaki, na kwa kawaida hatari ikiisha, mnarudiana.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, katika kikundi chetu cha sala tunaruhusiwa kuuliza maswali?
2. Je, kuna siri za kikundi ambazo mwenzangu hapaswi kuzijua?
3. Ni lini mara ya mwisho tulisali pamoja, sisi wawili tu?

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.