MALI BILA DAFTARI: SERIKALI NA BAHATI NASIBU YA HISANI

Leo ningependa tujifunze pamoja juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita hivi hivi: bahati nasibu ya hisani, na sababu ya Serikali kutia mkono wake humo.

1. Maana yake
Huu ni mchezo ambapo watu hununua tikiti, wachache hushinda zawadi, na fungu fulani la pesa huenda kwa wagonjwa, shule au wasiojiweza. Si sawa na harambee. Katika harambee mtu hutoa bila kutazamia kitu. Katika bahati nasibu, mkono mmoja unatoa na wa pili unangojea. Hapo ndipo udanganyifu hupenyea, kwani mnunuzi hujali namba yake tu, wala haulizi pesa za mgonjwa zilifika wapi.

2. Sheria
Hapa Kenya, sheria ya kamari na bahati nasibu, Sura ya 131, ilipitishwa mwaka 1966. Ndiyo iliyoipa kazi Bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo hiyo. Aliyetaka kuuzia umma tikiti alipaswa kupata kibali kwanza na kueleza lengo lake. Maofisa wa Bodi walikuwa wakisimamia droo. Kwa miaka mingi tikiti za Kenya Charity Sweepstake ziliuzwa mijini, na wazazi wetu wanazikumbuka. Mnamo Agosti 2025 sheria mpya ilitiwa sahihi, na Mamlaka mpya ikaundwa ichukue nafasi ya Bodi.

3. Robo ya nini?
Sheria ile ya 1966 ilitaka asilimia 25 ya mapato yote ya bahati nasibu ya umma iende kwa lengo lililotajwa. Mapato yote, si faida! Je, tofauti ni nini? Tupige hesabu.

Tikiti 1,000 za shilingi 20 zinaleta shilingi 20,000. Robo yake ni shilingi 5,000. Basi tuseme sheria ingedai robo ya faida. Mwandalizi anaandika: zawadi 8,000, kuchapisha tikiti 3,000, usafiri 4,000, chai ya wageni 5,000. Jumla 20,000. Faida ni sufuri, na robo ya sufuri ni sufuri. Mgonjwa hapati hata senti, na sheria haijavunjwa.

Msidhani nawatungia hadithi. Mtaani kwetu ziliuzwa tikiti za kumnunulia mtoto mmoja kiti cha magurudumu. Mama alinunua mbili. Redio ilipata mshindi, tukamwona akiibeba. Kiti hatujakiona mpaka leo, na mtoto yule bado hubebwa mgongoni na nyanyake. Ukiuliza unaambiwa, "Aa, gharama zilikuwa nyingi." Kibali hakuna, daftari hakuna, wa kuulizwa hakuna. Kweli wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Wanaopinga
Wapo wasemao kuwa makaratasi ya Serikali yatavunja moyo vikundi vidogo. Kikundi cha kina mama kitamudu vipi? Hoja hii ina uzito, na masharti ya wadogo yafaa yawe mepesi. Lakini kuzipa tikiti namba, kuchezesha droo hadharani na kusoma hesabu mbele ya watu kunagharimu nini? Kalamu na daftari tu.

5. Hitimisho
Sisi tulio chini ya miaka 18 haturuhusiwi kucheza, ila kuuliza hakuna umri. Nyumbani wakiletewa tikiti, waambie waulize: Kibali kiko wapi? Katika kila tikiti, fungu la hisani ni shilingi ngapi? Hesabu zitasomwa lini, na wapi?

Zoezi: Tikiti 600 za shilingi 50 zimeuzwa, na gharama ni shilingi 26,000. Tafuta robo ya mapato yote, kisha robo ya faida. Ungekuwa wewe mgonjwa, ungechagua ipi?

Mwanachama, Kidato cha Tatu