Tembo katika bustani ya Edeni: kusoma chapa ya Rembrandt ya 1638

Katika semina moja ya semiotiki nilipewa picha niifafanue mbele ya wenzangu: "Adamu na Eva" ya Rembrandt, ya mwaka 1638. Ni chapa ndogo, kama sentimita 16 kwa 12. Msanii alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano, kisha asidi ikala shaba pale sindano ilipopita. Bamba lilitiwa wino, likakandamizwa kwenye karatasi.

Nilianzia kwa tembo, maana yuko: mdogo, mbali nyuma ya wale wawili, kwenye mwanga. Nikasema kwa uhakika kwamba tembo ni ukubwa wa chifu, basi hapa ni enzi ya Mungu. Mwalimu akauliza: "Ushahidi uko wapi?" Sikuwa nao. Nilikuwa nimesoma mithali za nyumbani, si picha.

Ushahidi niliupata baadaye. Fisiologo, kitabu cha Kigiriki cha karne za kwanza za Ukristo, kinasema tembo hana tamaa ya mwili. Dume na jike huenda mashariki, karibu na Paradiso. Jike hula kwanza mmea uitwao mandragora, kisha humpa dume. Mwandishi anaongeza waziwazi kwamba hao wawili ni mfano wa Adamu na Eva. Naye Plinio, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba tembo na joka ni maadui wa daima. Rembrandt hakuhitaji kufungua vitabu hivyo, kwa sababu hadithi zake zilikuwa zimeenea Ulaya kwa karne nyingi.

Mwenzangu mmoja alipinga: mwaka 1637 Rembrandt alichora tembo aliyemwona kwa macho yake. Wakati huo tembo jike aitwaye Hansken, aliyetoka Ceylon, alikuwa akionyeshwa Uholanzi. Kwa hiyo huyu ni mnyama tu, si ishara. Nakubali nusu. Masikio yake madogo ni ya tembo wa Asia, si wa kwetu. Lakini kumwona mnyama kunaeleza umbo lake tu. Hakuelezi kwa nini amewekwa chini ya mti ambamo joka limejikunja.

Na ni joka kweli, lenye miguu na makucha. Hapo ndipo sisi watu wa lugha tunapaswa kukaa kidogo. Katika kitabu cha Mwanzo, mshawishi anahukumiwa kutambaa kwa tumbo baada ya kosa. Basi kabla ya hapo alitembeaje? Rembrandt amefuata mpangilio wa wakati ulio ndani ya matini. Neno letu "nyoka" linatuficha swali hilo, kwani msomaji wa Kiswahili humwona hana miguu tangu mstari wa kwanza.

Kila kitu kwenye chapa hii kiko kabla. Eva ameshika tunda, hajaliuma. Tembo bado anatembea kwa amani. Adamu ameinua mkono mmoja kama anayeonya, na mkono wa pili unalielekea tunda. Mwenzangu yule anashikilia kwamba anataka kulizuia. Mimi nimeutazama mkono huo mara nyingi, nao naona unaomba.